Umeme Ukizimika, Kwa Nini Lazima Ngoma Ilie?

Hadithi za baada ya kiama zina sheria moja isiyoandikwa popote. Bomu likishaanguka, au ugonjwa ukishafyeka miji, au maji yakishakauka, hupita miaka michache tu kisha walionusurika hujipaka chokaa usoni, huvaa ngozi na mafuvu, hukoka moto mkubwa na kuanza kupiga ngoma. Mbele yao patakuwa na sanamu, na mbele ya sanamu patakuwa na mtu aliyefungwa kamba. Msomaji haambiwi walifikaje hapo, wala haulizi. Anajua tu kwamba ustaarabu umekufa, kwa sababu wapagani wamefika.

Neno kiama nalitumia hapa kwa maana ya kawaida ya utanzu huu: si siku ya hukumu ya misahafu, bali maangamizi makubwa yanayoacha watu wachache na magofu mengi. Tumezoea kuzisoma na kuzitazama hadithi hizi, na sasa tumeanza kuziandika sisi wenyewe. Katika hadithi fupi za wenzangu nilizowahi kusoma, mji umeungua, watoto wana njaa, na karibu kila mara yupo mganga mwenye macho mekundu ambaye anataka damu. Nilitarajia kwamba mwandishi aliyekulia huku angetuonyesha mganga tofauti na yule wa filamu. Sikumwona.

Dai langu ni hili. Upagani wa hadithi hizi si dini ya watu wowote waliowahi kuishi. Ni nadharia ya Ulaya ya karne ya 19 kuhusu watu kama babu na bibi zetu, iliyovalishwa manyoya na kuhamishiwa siku za usoni. Inasema kwamba asiye na kanisa wala msikiti ni mtu aliyesahau. Ukweli wa dini za jadi ni kinyume kabisa: ni dini za kukumbuka, na katika maangamizi halisi yaliyotupata, zilikuwa miongoni mwa vitu vilivyowasaidia watu kukumbuka wao ni nani.

Tuanze na kitabu ambacho wengi wetu tulikutana nacho sekondari, Lord of the Flies cha William Golding, kilichotoka 1954. Watu husahau kwamba nyuma yake kuna vita vya atomiki: wavulana wa Kiingereza wanahamishwa kwa ndege, ndege inaanguka, nao wanabaki peke yao kisiwani. Jack, anayewaongoza wawindaji, ndiye aliyekuwa kiongozi wa kwaya. Haimchukui muda kutoka kwenye joho la kwaya hadi kwenye rangi usoni, kucheza kwa kuzunguka, wimbo wa kuua, na kichwa cha nguruwe kilichochomekwa juu ya kijiti kuwa sadaka kwa mnyama asiyeonekana. Golding alitaka kuwasuta Waingereza wenzake. Afisa anayekuja kuwaokoa watoto mwishoni ana meli ya kivita nyuma yake, na kejeli hiyo naiona na kuiheshimu. Lakini tazama alichokopa ili kejeli ifanye kazi. Alipotaka kutuonyesha uovu uliomo ndani ya mtoto wa Kiingereza, hakumpa daftari la kodi na bunduki ya Maxim, vitu ambavyo Waingereza walivitumia kweli kuwatawala na kuwaua watu. Alimpa rangi, ngoma ya kuzunguka na kafara. Uovu wa nyumbani kwao ukavishwa nguo za kijiji chetu, nasi tukaandika insha za mtihani kuhusu "unyama uliomo ndani ya binadamu" bila kuuliza nguo zile zilitoka wapi.

Zilitoka vitabuni. Mwaka 1871 Edward Tylor alichapisha Primitive Culture, na mwaka 1890 James Frazer akaanza kutoa The Golden Bough. Wote wawili waliwapanga binadamu kwenye ngazi. Frazer aliweka uganga na uchawi chini, dini katikati, na sayansi juu, na yeye mwenyewe, bila shaka, alikuwa amekaa juu kabisa, kwa maana kazi yake aliifanya maktabani na hakuwahi kuishi na watu aliowaandika. Wanaanthropolojia waliitupa ngazi hiyo zamani. Hadithi za kiama zimeiokota jalalani na kuigeuza: badala ya kupanda, binadamu anashuka. Anapoteza sayansi, anabaki na dini. Anapoteza dini, anabaki na ushirikina. Ngazi ni ileile na vipawa ni vilevile, na anayekaa kwenye kipawa cha chini hajabadilika.

Ubaya mkubwa zaidi, hata hivyo, hauko kwenye manyoya. Uko kwenye namna msomaji anavyowekwa. Mwaka 1937 Mmarekani Stephen Vincent Benét alichapisha hadithi fupi iitwayo By the Waters of Babylon. Kijana, mwana wa kuhani, anasafiri hadi Mahali pa Miungu, palipokatazwa, na sisi wasomaji tunatambua mapema kuliko yeye kwamba mahali pale ni magofu ya New York. Katika riwaya ya George Stewart, Earth Abides, ya mwaka 1949, nyundo ya kawaida ya mzee Ish inageuka kitu kitakatifu mbele ya vijana waliozaliwa baada ya tauni. Katika filamu Beneath the Planet of the Apes ya mwaka 1970, watu waliobaki chini ya ardhi wanasujudia bomu la nyuklia. (Wanalisujudia kwa nyimbo na maombi yanayofanana sana na ibada ya kanisani, na hilo ni jambo la kupendeza, lakini watazamaji wengi hukumbuka bomu tu.) Katika zote tatu, mungu ni kitu ambacho msomaji anakijua vizuri kuliko muumini: mji, nyundo, bomu. Muumini amekosea kukitambua. Raha ya kusoma inatokana na kosa hilo. Tunatabasamu, tunamhurumia, tunasubiri siku atakapofunguliwa macho.

Hicho ndicho kiti cha mmisionari. Tunakalishwa juu yake kwa upole, tukiwa na kitabu mkononi, na hatugutuki kwamba aliyekaa chini mbele yetu akisubiri kufunguliwa macho anafanana na nyanya yetu.

Hapa namwita Okot p'Bitek awe shahidi, kwa kuwa alilishughulikia jambo hili kabla wengi wetu hatujazaliwa. Katika kitabu chake African Religions in Western Scholarship, cha mwaka 1970, anasimulia jinsi mapadri wa Kiitaliano walivyowauliza wazee wa Kiacholi ni nani aliyewaumba. Lugha haikuwa na swali hilo. Likageuzwa: ni nani aliyewafinyanga? Wazee wakafikiri, wakakumbuka kwamba wako watu ambao uti wa mgongo wao hupinda, kana kwamba wamefinyangwa upya, na kwamba jok anayefanya hivyo huitwa Rubanga. Wakajibu: Rubanga. Mapadri wakaondoka wakitangaza kwamba jina la Muumba limepatikana, na Rubanga akawa Mungu wa vitabu vya sala. Sasa niambieni, katika kisa hiki ni nani aliyekosea kukitambua kitu? Wazee walijua Rubanga ni nani na anafanya nini kwenye mgongo wa mtu. Aliyeona kitu kimoja na kukiita kingine ni msomi aliyetoka ng'ambo. Sijawahi kukutana na hadithi ya kiama iliyothubutu kumweka msomaji wake upande huo, upande wa yule anayeamini ameelewa na hajaelewa.

Najua nitakavyojibiwa, maana nimekwisha kujibiwa hivyo kwenye mijadala yetu. Kwanza, hizi ni burudani tu. Jibu hilo naliacha lipite; mwanafunzi wa fasihi anayelitoa ajiulize amekuja chuoni kufanya nini. Pili, waandishi hawa huwatumia wapagani wao wenyewe, si wetu. Mfano unaotolewa ni Mad Max: Fury Road, filamu ya George Miller ya mwaka 2015. Pale vijana wa vita wamepakwa unga mweupe mwili mzima, wanaabudu injini ya silinda nane, na wanaahidiwa kwamba wakifa vitani watafika Valhalla, ambayo ni pepo ya mashujaa wa Skandinavia ya kale.

Jibu hili lina uzito, na nikubali kwamba filamu ile ni bora kuliko nyingi za aina yake, kwa sababu inaonyesha ni nani anayefaidika. Immortan Joe ndiye mwenye maji, ndiye mwenye magari, ndiye mwenye wake, na ndiye aliyetunga dini. Hiyo ni hoja kuhusu utawala, na ni hoja ya kweli. Lakini Valhalla imo kwenye maneno tu. Kinachoonekana kwa macho ni miili iliyopakwa chokaa, makovu ya kuchanja, na lori zima la wapiga ngoma likiwa nyuma ya jeshi. Na mahali ilipopigwa filamu ile ni pa kutazamwa. Ni jangwa la Namib, Namibia, karibu na mji wa Swakopmund. Katika mji huo Wajerumani waliweka kambi ya wafungwa wa Kiherero wakati wa mauaji ya kimbari ya 1904 hadi 1908. Yaani kamera ilipelekwa kutafuta sura ya dunia iliyokwisha, ikatua jirani na mahali ambapo dunia ya watu halisi ilikuwa imekomeshwa, na halisi hao hawamo hata kwa jina. Mchanga umebaki. Wenye mchanga wametolewa, nafasi yao wakawekwa wapagani wa kutunga.

Hapo ndipo ugomvi wangu unapogusa kwetu. Hadithi za kiama huandikwa kana kwamba kiama hakijawahi kuja, ndiyo maana waandishi wanaona wako huru kubuni watu watafanya nini kikija. Kwetu kilikwisha kuja, na si mara moja. Katika miaka ya 1890 sotoka iliteketeza ng'ombe kutoka Pembe ya Afrika hadi kusini kabisa mwa bara. Kuanzia mwaka 1900 hivi, malale yalizuka Busoga na kuenea kandokando ya ziwa Viktoria. Hadi kufikia mwaka 1920 yalikuwa yameua watu zaidi ya 200,000. Serikali ya kikoloni chini ya Hesketh Bell ikaamua kuwahamisha watu wote waliobaki kutoka ufukweni, kisha kutoka visiwani. Visiwa vya Ssese vikabaki bila watu. Mashamba ya migomba yakawa msitu. Kwa karibu miaka kumi mtu angeweza kupita na mtumbwi asione moshi hata mmoja.

Ssese si visiwa vya kawaida. Ni nyumba ya balubaale. Pale Bubembe ndipo palipokuwa na hekalu la Mukasa, lubaale wa ziwa, aliyetumiwa zawadi na kabaka wa Buganda, na ambaye sadaka zake zilihusu samaki, dhoruba na uzazi. Hebu fikirieni jambo hili kama mwandishi. Kisiwa cha miungu kimehamishwa kwa amri ya gavana, kwa sababu ya mbung'o. Mahekalu mengi bara yalikwisha kuchomwa na waongofu wakati wa vita vya dini. Wenye dini hiyo wametawanywa katika vijiji vya ugenini, wakiwa na wagonjwa wao. Je, walifanya nini? Walijipaka chokaa wakamsujudia mbung'o?

Hawakufanya hivyo, kwa sababu hawakuwa wamesahau chochote. Dini ya Kiganda ilikuwa na mahali pa ugonjwa tangu zamani: tauni ilikuwa na lubaale wake, Kaumpuli, na hadi leo kaumpuli ndilo neno la tauni katika Luganda. Kulipa ugonjwa jina, makao na miiko si kukosea kukitambua kitu. Ni kukitambua na kukiwekea mipaka. Watu walipoanza kurudi visiwani kuanzia mwaka 1920 hivi, walirudi na koo zao, miiko yao na jina la Mukasa. Jina hilo liko pia mahali ambapo wengi hawapaangalii. Mkatoliki wa kwanza kuuawa kati ya mashahidi wa Uganda, Novemba 1885, aliitwa Joseph Mukasa Balikuddembe. Tunaimba jina la lubaale wa ziwa katika litania, na bado tunaandika insha zinazosema kwamba upagani ni giza la usahaulifu.

Sitaki kuuza manukato. Dini ile ilikuwa na damu. Wapiga ramli wa kabaka waliagiza mauaji ya watu wengi kwa pamoja, na Namugongo palikuwa mahali pa kuulia kabla hapajawa mahali pa hija. Anayetaka kuandika kafara na aandike, lakini aandike kafara kama ilivyokuwa: ina aliyeiagiza, ina hesabu ya kisiasa, ina familia inayojua kwa nini mtoto wao na si wa jirani, ina wazee wanaonong'ona kwamba safari hii ramli ilisomwa kwa upendeleo. Kafara ya filamu haina hata kimoja kati ya hivyo. Ina kisu na kelele.

Maji Maji ni mfano mwingine, nao Waswahili wanaujua vizuri zaidi kwa sababu ya tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ya mwaka 1969. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alipotoa dawa ya maji, hakuwa mtu aliyerudi nyuma kwenye giza. Alikuwa akifanya jambo jipya kabisa, kuwaunganisha watu wa makabila yasiyokuwa na kiongozi mmoja, kwa lugha ambayo wote waliielewa, yaani lugha ya pepo, mizimu na dawa. Wajerumani walimnyonga Agosti 1905, mwanzoni kabisa mwa vita. Dawa haikuzuia risasi. Hilo ndilo jambo pekee ambalo vitabu vya shule hulikumbuka, na ndilo ambalo hadithi ya kiama ingelipenda: wapumbavu walioamini maji. Lakini Hussein hakuandika hivyo. Aliandika mtu anayelitazama neno lake mwenyewe likikua kuliko yeye na anayejua hatari yake. Hiyo ndiyo dini inavyoonekana kutoka ndani: mashaka, mabishano, wajibu, hofu ya kuwa umeeleweka vibaya.

Na baada ya vita? Wajerumani walichoma mashamba na maghala, njaa ikaua wengi kuliko risasi, nchi ikabaki msitu, mbung'o wakaingia, na sehemu ya nchi hiyo iliyokosa watu ikaja kuwa pori la akiba la Selous. Mtalii anayepita pale hudhani anaona dunia kabla ya binadamu. Anaona dunia baada ya kiama. Kama kuna mwanafunzi anayetafuta mandhari ya riwaya, ni hiyo hapo, na haina haja ya bomu.

Wapo wanaokwepa kosa la kwanza kwa kuingia la pili. Hawa ndio wauza manukato niliowagusia. Kwao dini ya jadi ni bibi mwenye hekima anayeishi karibu na mti, anazungumza na mvua, na hana adui kijijini. Ulaya imeiharibu dunia, bibi ataiponya. Inapendeza masikioni, lakini ni ngazi ileile ya Frazer, safari hii aliye chini ndiye mwema. Bibi huyo hana historia. Hakuwahi kukosana na mke mwenza, hakuwahi kushtakiwa uchawi, hakuwahi kukataa kumtibu mtu kwa sababu hajaleta mbuzi wa deni la kwanza. Hata Pumzi, filamu fupi ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009, ambayo naipenda, ina upungufu huu kidogo. Dunia imekwisha kwa vita vya maji, na Asha anatoka nje ya jengo alimofungiwa binadamu ili akapande mche, akiunywesha jasho lake mwenyewe. Neno la Kikikuyu, maitu, limewekwa pale bila kuombewa radhi. Lakini Asha anakwenda peke yake. Tambiko halifanywi na mtu mmoja. Tambiko ni kikao: nani amekuja, nani hakuja na kwa nini, nani anapaswa kutaja majina ya waliokufa, na ole wake akiruka mmoja.

Kitabu kinacholijua jambo hili ni Who Fears Death cha Nnedi Okorafor, cha mwaka 2010, kilichowekwa katika Sudan ya siku zijazo baada ya maangamizi. Kuna mungu wa kike, Ani. Kuna wachawi wenye elimu ambayo hufundishwa kwa taabu na kwa kunyimana. Lakini kiini cha dini ni Kitabu Kikuu, maandiko yanayowaeleza Waokeke kwamba utumwa wao kwa Wanuru ni haki yao kwa dhambi za mababu zao. Yaani baada ya kiama watu hawakusahau kusoma. Walisoma sana, na walichosoma kiliwaua. Kuna pia jando la wasichana wa miaka kumi na mmoja, ambalo mwandishi halipambi wala halifanyi kichekesho: linaumiza, linaiba kitu, na wakati huohuo linawafunga wasichana wanne katika urafiki ambao riwaya nzima inautegemea. Onyesonwu hafunguliwi macho na mgeni. Anaijua dini yake hadi chini, kisha anaiandika upya. Wengine wameona riwaya hii kuwa ya kikatili mno. Mimi naiona ya haki.

Na Kiswahili je? Tuna Mzingile ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1991, na sijui kwa nini hatuisomi kama riwaya ya kiama wakati ndivyo ilivyo. Msimulizi anapelekwa kwa mzee ambaye wahakiki wengi wamemtambua kuwa ni Mungu, ili ampe habari za kifo cha mwanawe. Dunia anayoirudia imeteketea. Hakuna ngoma ya kishenzi pale, wala sanamu. Kuna vicheko, mafumbo, na mungu aliyechoka anayeishi kama mzee yeyote wa kijijini. Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, kisiwa cha ziwa lilelile la Mukasa, na aliandika kama mtu aliyezoea kuwa mungu anaweza kuwa jirani. Wahadhiri wetu huitaja kazi hii kwa ajili ya falsafa na majaribio ya umbo, nasi tunakariri neno "majaribio" na kuondoka. Ningependa siku moja ifundishwe pamoja na Okorafor, katika kozi moja.

Limebaki suala la maneno, na hili linatuhusu sisi wanafunzi wa Kiswahili wa nchi za bara kuliko mtu mwingine yeyote. Pagani lilitoka kwenye Kilatini, ambako paganus alikuwa mtu wa shamba kabla hajawa asiye Mkristo. Mshenzi, katika Kiswahili cha pwani ya zamani, alikuwa mtu wa bara. Maneno mawili, mabara mawili, na maana moja: yule anayekaa mbali na mji wetu. Na ustaarabu, neno nililolitumia mimi mwenyewe pale mwanzoni, asili yake katika Kiarabu ni kujifanya Mwarabu. Mtu wa Ssese, wa Gulu au wa Kigezi anayejifunza Kiswahili leo anajifunza lugha ambayo kwa muda mrefu ilikuwa na jina tayari kwa ajili ya babu yake. Silalamiki, lugha zote zina madeni yao, na hii nimeichagua. Ninachokataa ni uvivu. Mwandishi wa Kiingereza anapoandika savage, angalau wako wahariri watakaomsumbua. Sisi tunaandika "ngoma za kishenzi" na "giza la upagani" kwenye hadithi ya mwaka 2150, na mhadhiri anasahihisha upatanisho wa ngeli tu.

Kwa hiyo, wenzangu mnaoandika: mkitaka kuwapa walionusurika dini, waulizeni maswali ambayo Mganda au Mnyankole angewauliza. Ni ukoo gani huu? Mwiko wenu ni mnyama gani, na mnafanyaje sasa kwa kuwa mnyama huyo ndiye pekee aliyebaki wa kuliwa? Nani amezikwa wapi, na nani anakwenda kulisafisha kaburi lake ikiwa barabara imekatika? Mkuu wa ukoo alikufa kwenye moto bila kumtaja mrithi. Nani anakalia kigoda? Maswali haya yana hadithi ndani yake tayari, na hakuna hata moja linalohitaji macho mekundu.

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010, nyumba kuu ya Kasubi, Kampala, iliungua. Ndani yake wamelala makabaka wanne, kuanzia Muteesa wa Kwanza. Dari lake lilibebwa na pete 52, moja kwa kila ukoo wa Buganda. Kuijenga upya kulichukua zaidi ya miaka kumi, na ni mwaka 2023 tu ambapo UNESCO iliyaondoa makaburi hayo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Fedha na saruji zilikuwepo mapema kuliko nyasi, na ucheleweshaji ulilalamikiwa sana magazetini. Lakini paa lile haliezekwi na fundi yeyote aliyeshinda zabuni. Kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye, kupamba pete ni kazi ya ukoo wa Ngo, na kila hatua ina miiko yake ya nani apande na nani asisogee. Wazee wenye ujuzi huo walikuwa wachache, kwa hiyo ilibidi vijana wa Ngeye waanze kufundishwa upya jinsi nyasi zinavyofungwa.